Gari la Mzee Bediako Lililokuwa Linalalia Upande Wake

Gari lilikuwa limezimwa. Milango imefungwa, ndani hakuna hata nzi.

Mimi nimesimama hatua tatu tu kutoka hapo, funguo ninazo mkononi. Mara kona ya nyuma kulia ikaanza kushuka. Taratibu, bila haraka, huku inatoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi, mpaka madigadi ikakaribia kugusa tairi.

Yaani ungesema kuna mtu mnene kafungua mlango, kapanda, kajiweka sawa kwenye kiti.

Wanawake wanne waliokuwa pale uani wakapiga yowe kwa pamoja.

"Ameketi! Jamani, ameketi!"

Bi Pinamang, dada wa marehemu, yeye hakupiga yowe. Alinigeukia, mikono kiunoni.

"Fundi, umeona kwa macho yako mwenyewe. Huyo ni kaka yangu. Haya, lete hizo spana zako."

Mimi naitwa Yaw Twumasi, fundi magari, Suame Magazine, mtaa wa magereji hapa Kumasi, Ghana. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili ya kulala chini ya magari ya watu. Nimeshaona injini imefungwa kwa kamba. Nimeshaona breki iliyotiwa mafuta ya kupikia, na mwenye gari anashangaa kwa nini haishiki. Ila marehemu anayepanda gari mchana kweupe, huyo alikuwa mteja mpya.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana humu najua wajuaji hawakosekani.

Gari lenyewe lilikuwa la Mzee Bediako, mnunuzi wa kakao. Lile gari la Kiingereza la kupanda milima, la zamani, limesimama kama kabati. Kampuni siitaji, wenyewe wana mawakili. Hao Waingereza waliona springi za chuma ni ushamba, wakaweka mifuko minne ya mpira, kila tairi na wake, inajazwa upepo na kompresa. Ukiwasha, gari linajiinua lenyewe kama mheshimiwa anaamka usingizini.

Likiwa jipya, raha ni ya mwenye gari. Likizeeka, raha ni ya fundi.

Mzee Bediako alikaa siku zote kiti cha nyuma kulia, na alikuwa na kilo zake, Mungu amrehemu. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wake. Hata wiki moja kabla hajalazwa nilimbadilishia breki na kukagua huko chini. Akafa kwa presha, akazikwa kwa heshima zote. Siku chache baada ya maziko, gari likaanza kulalia upande uleule aliokuwa anakaa.

Ukoo ukakaa kikao. Wakapata jibu kabla hata ya kumwita fundi. Mzee amerudi, lakini amekataa kuingia ndani, anakaa kwenye gari. Na mwanaume akikataa kuingia nyumbani kwake, kosa la nani?

La mke, bila shaka. Hata mvua ikichelewa ni mke.

Mjane alikuwa Mama Fremah. Mwembamba, mpole, nguo nyeusi ya msiba imemmeza mwili mzima. Sisi Waasante mali ya mwanaume inafuata ukoo wa mama yake, yaani dada zake na watoto wa dada zake. Mke hata akikaa miaka arobaini bado ni mgeni. Sheria ya serikali ya kumlinda mjane ipo, imeandikwa vizuri sana, ila kwenye kikao cha ukoo hakuna aliyekuja na miwani ya kusomea.

Bi Pinamang alishaanza kupima madirisha ya nyumba ile ya marehemu, mtaani Tafo, kwa ajili ya mapazia yake. Sitanii. Nilimkuta na futi kamba mkononi.

Mkuu wa ukoo, Mzee Boahen, akaniita pembeni ya gari. Mzee mwenye sauti ndogo lakini akiongea hata kuku wananyamaza.

"Fundi, zimebaki siku kumi na mbili tufanye arobaini ya ndugu yetu. Siku hiyo ukoo mzima utakuwa hapa. Gari likiwa wima, tutajua amemridhia mkewe, na Fremah atabaki kwenye nyumba hii mpaka Mungu amchukue. Likiwa limelala, atafunga mizigo yake siku hiyohiyo."

"Mzee, kwa heshima yako, hili ni tatizo la upepo tu."

"Basi tengeneza upepo."

Nikamtazama Mama Fremah. Alikuwa amesimama mlangoni, anasugua kidole chenye pete. Hatima ya mama wa miaka sitini na nane ilikuwa imening'inizwa kwenye mfuko wa mpira. Nikajisemea moyoni, hapa mama umeshapona, fundi ni mimi.

Majivuno hayana breki, ndugu zangu.

Nikalipeleka gari gereji kwangu. Kazi ya upepo haina uchawi. Likishuka kona zote, muulize kompresa. Likishuka kona moja, maswali yote yako kona hiyohiyo: mfuko, paipu yake au valvu yake. Nikakoroga sabuni kwenye kikopo, nikapaka. Povu likachemka juu ya mfuko, pale paipu ya plastiki inapoingia. Na mfuko wenyewe ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima.

Nikacheka peke yangu. Mzimu wenyewe ndio huu?

Nikafunga mfuko mwingine niliotoa kwenye gari la kuchinja, lile bovu linalouzwa vipande vipande. Paipu nikaikata ncha kwa wembe ili iingie safi, ndivyo kazi inavyofanywa, kile kipande nikakitupa kwenye debe la taka. Nikaliacha gari limesimama gerejini siku tatu. Halikushuka hata kwa upana wa ukucha.

Siku ya nne nikalirudisha Tafo, nimevaa shati safi kabisa. Nilitaka wanione.

Kesho yake saa moja asubuhi simu ikaita. Bi Pinamang.

"Fundi, abiria wako amerudi."

Nikaenda. Limelala. Upande uleule, kona ileile.

"Ni huu mfuko, mama. Wa mtumba huu. Nitaweka mpya."

"Weka hata wa dhahabu," akanijibu. "Kaka yangu hakuwahi kupenda vitu vya rahisi."

Wale wanawake wakaangua kicheko. Nikaondoka na gari huku masikio yanawaka moto.

Pale gereji jirani yangu ni Gyamfi, fundi mwenzangu, mtu ambaye Mungu alimpa mdomo kwanza halafu ndio akamtafutia mwili.

"Yaw, nasikia unatengeneza gari lenye abiria ndani!"

"Fanya kazi yako, Gyamfi."

"Mimi nakusaidia tu kaka. Huyo mzee usimtoe kwa spana. Mpigie honi ashuke!"

Gereji nzima ikavunjika mbavu.

Nikaagiza mfuko mpya kabisa, bado uko kwenye nailoni. Nikapaka sabuni tena, povu likatoka palepale paipu inapoingia. Nikasema basi, mfuko wa mtumba haushiki paipu vizuri. Nikafunga mpya, nikakata ncha ya paipu, nikatupa kipande. Siku nne gari likakaa gerejini, wima kama askari.

Nikalirudisha. Asubuhi likawa limelala.

Hapo ndugu zangu sitawadanganya, nilianza kuogopa. Gerejini linasimama, nyumbani linalala. Gari halijui anwani. Gari halijui kwamba hapa ni Magazine na hapa ni kwa marehemu. Wakati naliendesha kurudi gereji, nilijikuta naangalia kioo cha nyuma na kusema polepole, "Shikamoo mzee."

Fundi mzima, nasalimia kiti.

Zilibaki siku mbili. Nikalipandisha kwenye jeki nikiwa sina raha. Sabuni, povu, palepale tena. Nikachomoa paipu, nikashika wembe, nikaikata ncha kama kawaida. Nikairudisha kwenye mfuko.

Haifiki.

Nikavuta. Haifiki. Imepungua kama vidole vitatu.

Nikakaa chini kwenye mafuta. Paipu haipungui yenyewe. Kuna mtu amekuwa akiikata, na mtu huyo ana shahada ya kujiamini na wembe mkononi. Mara mbili nilifunga mfuko mwingine, mara mbili nikakata ncha, mara mbili gari likapona. Kumbe mfuko haukuwahi kuniponyesha kitu. Kilichokuwa kinaponyesha ni kukata ile ncha.

Nikaenda kwenye debe la taka. Nikalimwaga lote chini, Gyamfi ananiangalia.

"Unamtafuta mzee humo?"

Nikapekua takataka kwa vidole. Nikavipata vile vipande viwili, nikavipangusa vumbi, nikavitazama juani, na ile ncha ya tatu pia. Vyote vitatu vilikuwa na alama ndogondogo, mbilimbili, zimekaa kwa mpangilio.

Meno.

Panya! Wiki nzima nimehangaika na roho ya marehemu, kumbe ni panya! Na ushahidi nilikuwa naukata kwa mkono wangu mwenyewe na kuutupa kwenye taka. Nilijitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika humu.

Ila kitu kimoja kikanisumbua. Vile vipande vilikuwa na utelezi mwekundu. Nikanusa. Mafuta ya mawese. Sasa mawese yanafika vipi juu ya ekseli ya gari?

Nikaweka paipu mpya nzima, nikalirudisha gari jioni ileile. Kesho yake alfajiri, kabla nyumba haijaamka, nikaenda Tafo na mitego miwili na bomba la chuma la kuivisha ile paipu. Mlinzi ananijua, akanifungulia geti.

Nyuma ya gari kulikuwa na mtu amechuchumaa.

Nilitaka kukimbia. Kweli kabisa, mguu mmoja ulishageuka.

"Nani?" sauti ya mwanamke ikauliza.

Alikuwa Mama Fremah. Mkononi ana sahani ya bati, tupu, imelambwa ikang'aa. Ametoka kuitoa nyuma ya tairi, ndani kabisa, pale ambapo mbwa na kuku hawafiki.

"Mama, unafanya nini hapa?"

Akaificha sahani kwenye nguo yake. Halafu akaona haina maana, akaitoa.

"Usiniseme, mwanangu."

"Sikusemi, mama. Niambie tu."

Akakaa kwenye ngazi ya gari.

"Alikuwa akirudi kutoka kununua kakao, haingii ndani moja kwa moja. Ndani kulikuwa na watu wake siku zote. Huyu anataka ada, yule anataka bati za kuezekea. Basi namletea eto hapa hapa kwenye gari. Viazi vikuu vya kuponda, mawese, na yai juu. Anakula, mimi nakaa pembeni yake, tunaongea. Miaka yote hiyo, fundi, nyumba yetu ilikuwa hiki kiti cha nyuma."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Alipozikwa sikuweza kulala. Nikasema atarudi na njaa. Usiku wakishalala nikaweka sahani. Asubuhi nikaikuta tupu." Akatabasamu kidogo. "Nikajua amekula. Halafu gari likaanza kulala, nikajua anakaa. Wenzangu waliogopa. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Hata waliposema watanifukuza, niliweka."

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Lakini fundi ana ugonjwa mmoja, hawezi kujua tatizo akakaa nalo. Nikaingiza tochi chini ya gari. Paipu mpya, ya usiku mmoja tu, tayari ilishaanza kutafunwa.

"Mama," nikasema, "ni panya."

"Panya?"

"Wanafuata chakula. Wakishashiba wanapanda juu ya ekseli, wananolea meno kwenye paipu. Upepo unatoka, gari linashuka."

Akaitazama ile sahani. Nikajua nimemuua mumewe mara ya pili, nikaona aibu kubwa.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mwezi mzima nimekuwa nawapikia panya?"

"Ndiyo, mama."

"Na yai?"

"Na yai."

Mama Fremah akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na machozi yanamtoka hapohapo. Alicheka mpaka akashika tumbo, anajizuia asiamshe nyumba. Na mimi nikacheka. Sote wawili kando ya gari la marehemu, alfajiri, tunacheka kama wehu.

Kisha akafuta machozi, akanishika mkono.

"Usiwaambie."

Nikaelewa. Mjane anayemwekea marehemu chakula kwa siri, usiku, nyuma ya gari? Bi Pinamang angesema nini? Angesema ndiye anayemwita. Ndiye anayemfuga. Hapo si kufukuzwa tu, hapo ni kuitwa mchawi mbele ya ukoo na kufa na jina hilo.

"Sitasema," nikamwambia. "Ila sahani basi, mama. Nakuomba."

Nikaivisha paipu lile bomba la chuma, nikaondoka.

Siku ya arobaini ikafika, Jumamosi. Maturubai, viti vya plastiki, ngoma, spika za kupasua masikio, watu mia tatu kwa nguo nyeusi na nyekundu. Nusu ya Magazine ilikuwepo. Sisi msiba wa Jumamosi hatukosi, hata kama marehemu hatumjui. Gyamfi alikaa mstari wa mbele kabisa, kama kalipia.

Gari likawa katikati ya uwanja. Wima. Kona zote nne sawasawa.

Mzee Boahen akalizunguka. Akaweka kiganja juu ya madigadi ya nyuma kulia, akabonyeza. Likarudi juu. Akatikisa kichwa, ameridhika. Nikashusha pumzi.

Bi Pinamang akasimama.

"Ngoja kwanza! Mizimu haiondoki bure. Mwezi mzima kaka yangu amekaa hapa, leo siku ya kikao ndio hayupo? Kafungwa! Huyu mwanamke kamfunga kaka yangu kwa dawa!"

Uwanja ukalipuka kwa kelele.

Mnaona raha hiyo? Gari likilala, mke ana kosa. Gari likisimama, mke ana kosa zaidi. Hata Waingereza wenyewe hawajawahi kutengeneza mtambo mgumu namna hiyo.

Mzee Boahen akainua mkono, watu wakatulia.

"Fundi yupo. Fundi, njoo mbele. Gari hili lilikuwa na nini?"

Nikaenda mbele. Mfukoni nilikuwa na vile vipande vitatu. Ningevitoa tu, ningekuwa fundi bora Kumasi nzima, fundi aliyemkamata mzimu akamkuta ana mkia. Gyamfi angenyamaza maisha yake yote. Niliwaza hilo, sifichi.

Lakini swali la pili nililiona linakuja. Panya walifuata nini kwenye gari?

Nikamtazama Mama Fremah. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri.

"Mzee," nikasema, "gari lilikuwa na mimi."

"Sema watu wasikie."

"Mimi ndiye niliyeliharibu! Kabla mzee hajalazwa niliingia huko chini nikaifunga paipu vibaya. Upepo ukawa unavuja. Mliponiita nikaogopa kusema, nikawa nabadilisha mifuko ambayo haikuwa na kosa. Mara mbili nikakosea tena. Si mzimu, si dawa, si Mama Fremah. Ni ujinga wangu."

Mpiga ngoma akashusha fimbo zake.

Kisha Gyamfi akaanza kucheka. Akafuatia wa pili, wa tatu, mpaka uwanja wote. Mpiga ngoma akaipiga ngoma yake kunizomea. Bi Pinamang akanisogelea mpaka nikahisi mate yake.

"Miaka ishirini na mbili! Unajiita fundi! Umemsumbua marehemu wetu kwa paipu! Mjinga mkubwa wewe!"

"Ndiyo, mama."

"Mpumbavu!"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Alikuwa na hasira kiasi kwamba alimsahau kabisa wifi yake. Mzee Boahen akatangaza mbele ya wote kwamba marehemu hana neno na mkewe, na Fremah atabaki kwenye nyumba ile maisha yake yote. Watu wakapiga makofi, lakini macho yao yalikuwa kwangu. Mjinga anavutia kuliko haki.

Jumatatu yake Magazine ilishanipa jina: Fundi Mzimu. Wateja wangu wa magari ya upepo wakahamia kwa Gyamfi mmoja baada ya mwingine. Mwaka mzima nilikuwa natengeneza pikipiki na mashine za kusaga pilipili. Mke wangu alinuna wiki tatu, kwa sababu hata yeye sikumwambia. Iliniuma. Usiku mwingine niliinuka kitandani nikitaka kwenda kuwaonyesha vile vipande. Sikwenda.

Hayo yalitokea miaka tisa iliyopita.

Leo naandika kwa sababu Jumamosi iliyopita tumemzika Mama Fremah. Alitoka kwenye nyumba ile ya Tafo akiwa amebebwa na watu sita, hakutoka akiwa amebeba mzigo wake kichwani. Bi Pinamang alilia kuliko wote, "wifi yangu, wifi yangu," mpaka ikabidi wamshike. Nilimpa kitambaa changu. Alinitazama, akakumbuka, akaniambia kwa uchungu wa kweli, "Fundi, ulitaka tumfukuze mtu mwema kwa ujinga wako."

Nikamwomba msamaha kwa mara nyingine.

Funzo ni lenu, chagueni. Mwenye gari la upepo, asikubali fundi akate paipu bila kukitazama kipande alichokata. Mwenye ukoo, kabla hajamhukumu mtu kwa jambo asilolielewa, aite fundi. Na wewe fundi, ukishaujua ukweli usikimbilie kuusema ili usifiwe. Tazama kwanza huo ukweli unaenda kumwangukia nani, na kama unaweza kuubeba wewe, ubebe.